Namna ya kuwaandikia wasomaji wako barua ya mwisho wa mwezi

Mwandishi anayekaa mbali na Dar es Salaam au Nairobi ana tabu yake. Makala inatoka, na wale wale waliosema "ikitoka utuambie" hawana habari. Mimi naandika insha na makala, nakaa Tanga, na kitabu kikizinduliwa huko mjini mara nyingi najua siku ya pili, kwa picha za watu wakilishana keki. Kwa hiyo kila mwezi ukielekea ukingoni nawaandikia wasomaji wangu barua: nimeandika nini, nashughulika na nini, na kwenye vitabu kuna jipya gani. Naituma WhatsApp kwa kuwa ndiko waliko. Wadogo zangu wanaoanza kuandika wamekuwa wakiniuliza naifanyaje, nami nimechoka kujibu kwa voisi. Basi haya hapa.

Kanuni yangu ni moja na mengine yote yanatoka humo: msomaji ambaye hatafungua linki yoyote wala kununua chochote, naye apate kitu. Apate habari asiyoijua, au kicheko, au jina la kitabu cha mtu mwingine, au tarehe ya kwenda mahali. Barua isiyotoa kitu mpaka hela itoke ni tangazo, na matangazo kampuni za simu zinatutosheleza.

Vya kuandika vikusanye mwezi mzima. Ukisubiri tarehe 28 ndipo ukae ukumbuke, utabaki na "yule bwana wa ushairi" na "ile hafla ya juzi". Mimi hujitumia ujumbe mwenyewe kwenye simu kila nipatapo jambo, na kila ujumbe lazima uwe na jina kamili, mahali na tarehe. Jina la mtu naliandika kama yeye anavyoliandika. Waandishi wetu wengine ni Mohamed, wengine Mohammed, wengine Muhammad, na kila mmoja anaona jina lake likikosewa kabla hajaona lolote ulilomsifia.

Salamu

Shuleni tulifundishwa barua ya kirafiki: natumaini hujambo, ukitaka kujua hali yangu mimi ni mzima wa afya, dhumuni la barua hii ni kukujulisha kwamba. Wapo wanaosema hayo yote yatupwe, uanze na habari. Mimi sikubali. Kwetu mtu anayeingia nyumbani kwa watu na kuanza kueleza shida yake kabla ya salamu anaonekana kafiwa au hana adabu. Ila WhatsApp hukata ujumbe mrefu na kuweka "Soma zaidi", na msomaji huamua kwa ile mistari inayoonekana. Salamu ikila mistari yote hiyo, habari imezikwa.

Kwa hiyo salamu ni moja, fupi, na yenyewe ibebe habari. Kwa mfano: "Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Vuli imetuchelewea huku Tanga, maembe yametuwahi, na mimi nimemaliza insha ya mkonge." Sentensi mbili, na msomaji kajua uko wapi, ni msimu gani, na kuna kazi mpya. Ukipenda, weka "ama baada ya salamu" kisha uendelee. Wazee wanaifurahia. Ninao wasomaji wawili watatu ambao jibu lao miaka yote ni "Tumepokea, ahsante" na basi. Hao nawaheshimu sana, kwa sababu nikikutana nao sokoni ndio wanaoniuliza habari za aya ya nne.

Baada ya salamu ya wote, andika kwa mtu mmoja. Sema "utaona", "ukipita", "niambie". Barua ingawa inakwenda kwa watu mia, kila mmoja anaisoma peke yake, kwenye daladala au kitandani, na "wapendwa wasomaji wetu mnakaribishwa" inamfanya ajione yuko kwenye foleni.

Kutangaza makala iliyotoka

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Tangazo la kawaida huwa hivi:

"Habari njema! Makala yangu mpya kuhusu historia ya mkonge Tanga imetoka. Isome hapa, usisahau kushea na kutoa maoni yako. Ahsanteni sana kwa sapoti yenu."

Sarufi haina kosa. Sababu ya kuisoma makala haipo. Msomaji anajua mkonge, anajua Tanga, na kwa maneno hayo anadhani anajua na kilichomo. Sasa jambo lile lile nilivyoliandika mimi:

"Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Mingi ilikufa njiani. Iliyofika hai pwani yetu ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, upande wa Pangani. Ukipita barabara ya Muheza hadi Korogwe ukaona mistari ya mkonge inavyokwenda mpaka macho yachoke, basi ukoo wake ni hiyo 62. Insha yangu mpya inahusu watu walioletwa kuukata, kutoka Kigoma, Songea na hata Burundi, na kwa nini waliitwa manamba. Ni kurasa tisa. Faili si zito, bando halitaumia."

Tazama kilichofanyika. Aliyeishia hapo kaondoka na ile 62, na usiku atamsimulia mtu. Mwenye kutaka zaidi kajua kinachomsubiri ni watu, manamba, kwa hiyo hatafungua akitegemea kilimo akakuta historia ya vibarua. Na wote wameambiwa urefu na uzito wa faili, jambo ambalo mwandishi mwenye intaneti ya ofisini hulisahau na msomaji anayenunua bando la siku halisahau hata kidogo.

Huwa naambiwa: ukitoa utamu wote kwenye barua nani atafungua insha? Insha yenye utamu mmoja tu haikustahili kuandikwa. Toa ulicho nacho kizuri. Na kujua kipi ndicho kizuri si kazi ngumu: ni kile ambacho ulipokigundua uliinuka mezani ukaenda kumwambia mtu. Mimi habari ya miche 62 nilimwambia jirani yangu anayekaanga mihogo kabla sijaiandika popote, naye akauliza, "Hiyo mingine ilikufa na nini?" Swali hilo likaniongezea aya nzima kwenye insha.

Kama makala imetoka gazetini au jaridani, taja jina la gazeti, tarehe na ukurasa, ili mwenye kulipata kwa muuza magazeti alipate. Usipige picha ukurasa wote wala kusambaza faili la jarida linalouzwa kabla hujawauliza waliokuchapa. Makala ni yako, lakini karatasi na kazi ya mhariri wamelipia wao, na mwakani utataka wakuchape tena. Wengi ukiwauliza watakuruhusu kutoa aya mbili.

Ukiwa na makala tatu mwezi huo, moja ieleze hivyo, mbili zitaje kwa sentensi moja moja. Zote ukizieleza kwa urefu hakuna itakayokumbukwa.

Kazi iliyo mezani

Kuzungumzia kazi ambayo haijakamilika kunawatisha watu, wengine kwa kuogopa kuibiwa wazo, wengine kwa kuogopa husda. Mimi nasema kidogo: swali ninalolifuata, siyo jina la kitabu wala mwezi kitakapotoka. Ukitaja mwezi, utaulizwa kila harusi na kila msiba mpaka kitoke.

Na barua zenye mchanganyiko huu wa mambo ya nyumbani na ya kalamu sikuzianza mimi. Shaaban Robert, wa hapa hapa kwetu Tanga, alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kwa miaka mingi, na barua zake za 1931 hadi 1958 zilihaririwa na Mugyabuso Mulokozi zikachapwa na TUKI, iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zisome ukizipata. Anayemjua kwa mashairi ya darasani tu atamkuta mtumishi wa serikali mwenye ukoo wa kuutazama na miswada ya kuihangaikia, vyote kwenye bahasha moja. Ndiyo sauti ninayoitafuta kwenye barua zangu, ingawa sijaifikia.

Faida kubwa ya kutaja kazi iliyo mezani ni kwamba wasomaji wanajua mambo usiyoyajua. Lakini uliza swali lenye makali. "Nipeni maoni yenu kuhusu taarabu" italeta dole gumba na mikono iliyoshikana. Mimi nilipokuwa naandika habari za taarabu ya Tanga niliuliza hivi: "Kuna aliyewahi kuwaona Black Star Musical Club wakipiga, ukumbini au kwenye arusi? Niambie watu walivyokaa, wanawake walikuwa upande gani, na mtu akitaka kumtuza mwimbaji alipita wapi." Majibu yakaja ya aina nyingine kabisa. Mmoja yuko Muscat, aliondoka pwani akiwa kijana. Alinitumia voisi ndefu ya dada yake mkubwa akieleza mpaka rangi ya pazia la jukwaani, huku nyuma mtu anauliza chai iko wapi. Kwenye dakika hizo mna vitu ambavyo hakuna maktaba ingenipa.

Ukipata zawadi ya namna hiyo, omba ruhusa kabla hujaitumia, uliza kama jina liandikwe au liachwe, kisha makala ikitoka yeye awe wa kwanza kuipata, kabla ya barua. Huyo atakusoma maisha yako yote.

Habari za vitabu na hafla

Sehemu hii ndiyo inayokutofautisha na mtu anayejisema mwenyewe tu. Angalau theluthi ya barua yangu ni ya kazi za wengine.

Chagua habari kwa kumfikiria msomaji atafanya nayo nini. Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah alipopewa Nobel, kila simu ililia kwa habari ile ile, na kuirudia kwenye barua kusingemsaidia mtu. Habari yenye kazi ilikuja mwaka uliofuata, Mkuki na Nyota walipotoa *Peponi*, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake *Paradise*, iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis. Hapo sasa kuna la kumwambia bibi yako aliyesikia jina la Gurnah redioni na hasomi Kiingereza: kitabu kipo, kwa lugha yako, na ukifika Dar es Salaam ulizia duka la vitabu la TPH, Barabara ya Samora. Na mfasiri mtaje kila unapotaja tafsiri. Kazi ya miezi na miezi isipite bila jina.

Tuzo nazo zina mtindo wake. Sote tunapenda kutangaza washindi, na washindi wanastahili. Ila miongoni mwa wasomaji wako wamo wenye miswada kwenye makabati, na hao wanahitaji kujua dirisha la kupokea kazi linafunguliwa lini. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, hutolewa mwezi Aprili. Watu wanaikumbuka Aprili hiyo hiyo, wakati dirisha lilishafungwa zamani. Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, ile iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, nayo hupokea miswada kwa masharti yake ya urefu na aina ya kazi. Kazi yako ni kutazama tangazo la wenyewe, kunakili tarehe ya mwisho na masharti, na kuyaweka kwenye barua mapema. Bango lililosambazwa bila mwaka usilisambaze. Mabango ya tuzo hayafi, yanazunguka kwenye makundi miaka mitatu baadaye na watu wanahangaika kupiga chapa muswada kwa shindano lililokwisha.

Tarehe nyingine zinazojirudia zikae kwenye kalenda yako: Aprili 23, siku ya vitabu na hakimiliki, Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyopitishwa na UNESCO 2021, na maonyesho ya vitabu ya Nairobi, ambayo kwa kawaida huwa Septemba, Sarit Centre. Ukijua zinakuja, utawaambia watu wakati bado wana nafasi ya kupanga nauli.

Ukitangaza hafla, mpe msomaji kila anachohitaji kuamua kama aje: siku, saa, mahali pamoja na kituo cha kushukia, kiingilio au bure, na kama mtoto anaruhusiwa. Hilo la mtoto ndilo wanaume huliacha, na ndilo linaloamua kina mama wangapi watakuja.

Saa inataka uangalifu hasa kwa mazungumzo ya mtandaoni. Wasomaji wangu wako Oman, wako Bukavu, wako Uingereza. Saa mbili usiku ya Tanga ni saa tatu usiku Muscat, na ni saa moja jioni Bukavu, Bujumbura na Kigali. London wako nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi, na saa mbili wakati wao wa kiangazi. Tena wapo vijana waliokulia nje ambao "saa mbili" kwao ni mbili ya kwenye simu. Andika "saa mbili usiku (20:00), saa za Afrika Mashariki", kisha uongeze miji miwili mitatu ambako unajua watu wako wapo.

Na ukihudhuria hafla, wasimulie waliokosa. Mgeni rasmi, meza kuu na MC aliyechangamsha ukumbi waache, hata kama mgeni rasmi ni shemeji yako. Andika swali moja lililoulizwa na jibu alilotoa mwandishi. Kama hakukuwa na swali hata moja la kukumbukwa, andika tu kwamba kitabu kimetoka, bei yake, na kinapatikana wapi.

Hela

Kama unauza kitabu, sema mwishoni, mara moja, bila kuzungukazunguka. Weka bei, namba ya malipo pamoja na jina litakalotokea mtu akilipa, na namna kitakavyomfikia. Jina ni la lazima, maana watu wameibiwa mno na mwenye akili akiona jina geni anaghairi. Kwa wasomaji wa mikoani mimi natuma kwa basi. Nakifunga kwa mfuko wa nailoni kwanza ndipo bahasha, naandika jina na simu ya mpokeaji pande zote mbili, nalipia mzigo, kisha nampigia picha risiti pamoja na jina la basi na saa ya kuondoka. Gharama ya kutuma itajwe kabla ya kulipa, isije ikaonekana imeongezwa.

Wanafunzi watakuandikia "shangazi, sina hela". Tenga nakala chache za hao ukiweza. Usipoweza, waambie maktaba gani inacho.

Nani atumiwe, na lini

Usifungue kundi. Kundi linaonyesha namba za watu wote kwa watu wote, na kabla wiki haijaisha mtu ataweka maua ya "asubuhi njema" na mwingine atauza kiwanja. Tumia orodha ya brodikasti: inapokea majina 256, na kila mtu anaipata barua kama ujumbe wake mwenyewe. Sharti lake ni kwamba haimfikii asiyehifadhi namba yako, kwa hiyo kila anayejiunga mwambie akuhifadhi kwanza. Ndiyo sababu ya malalamiko mengi ya "mbona mimi sikupata".

Namba ziwe za watu waliokuambia kwa mdomo wao "nitumie". Zile ulizozipata kwenye kundi la kamati ya harusi ziache huko huko. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 2023, na Kenya wana yao ya 2019, lakini hata bila sheria, mtu aliyechangia harusi hakuomba insha.

Urefu wa barua: isizidi maneno mia tano. Kabla ya kutuma isome kwa sauti. Unapokwama kuvuta pumzi, hapo kata. Itume baada ya mishahara, kama unauza, yaani kati ya tarehe 25 na mwisho wa mwezi. Ijumaa mchana usiitume, na Jumapili asubuhi vivyo hivyo. Jumamosi saa nne asubuhi, watu wamemaliza usafi na hawajatoka, kwangu imefaa kuliko saa nyingine. Mwezi usio na jambo, usitume. Hakuna atakayekulaumu, na barua ya kujaza nafasi inajulikana tangu salamu.

Wanaojibu uwajibu, hata kwa neno moja. Tenga jioni moja kwa kazi hiyo, na swali zuri linakilie pembeni, kwa ruhusa ya mwenyewe litaingia barua inayofuata. Anayeomba kutolewa mtoe siku hiyo hiyo, umwambie "nimekutoa, ahsante kwa kunisoma", na usimuulize kwa nini.